Herufi M

Kitabu kilifika kimefungwa nailoni,
kurasa zake zinateleza kama sahani mpya.
T, tufaha. Jekundu, lina jani moja begani.
Watoto thelathini na mmoja wa chekechea ya Hombolo
wakalitazama, kisha wakanitazama mimi.
"Nyanya hiyo," akasema Zefania.
Nikasema si nyanya, ni tunda, tamu kabisa.
"Mwalimu, umewahi kulila?"
Nikafunga kitabu. Kengele ilikuwa bado.

Usiku ule nikapasua boksi la sabuni,
nikalitoboa kwa msumari uliopitishwa motoni,
nikashona kwa uzi wa gunia.
Kurasa ishirini na nne, kila moja na herufi yake,
kwingine kote patupu.
Nikawaambia: kesho njooni na kitu
kinacholiwa kwenu, kilichoota.
Anayekileta ndiye atakayekichora.

Kesho yake chumba kilinukia.
Tabita alitoka kwao na zabibu kavu saba,
alipofika ubaoni zilikuwa nne.
Ubuyu na ukwaju wakagombea U,
tukawaketisha pamoja kama mashemeji.
Bamia tukaificha kwenye fundo la khanga:
ingiza mkono, usichungulie, sema umeshika nini.
"Kidole cha bibi!" akapiga kelele Ndahani,
"kina ndevu!"
na ikawa foleni, kila mtu anataka kuogopa.

M ndiyo iliyotusumbua.
Maembe, mapapai, maboga, matikiti,
wote walikimbilia pale,
ukurasa ukajaa mpaka kwenye matundu ya uzi.

Ndipo akasimama Sechelela, wa mwisho,
ngumi imefungwa.
Akaifungua kidogo tu, kama aliyeshika panzi.
Unga wa kijani, mwingine umeshazama
kwenye mistari ya kiganja.
"Vumbi!" Wakacheka.
Hakujibu. Akaomba maji ya moto kwa mama mpika uji,
akakoroga kwa kijiti, akanyanyua:
uzi ukafuata, mrefu, mrefu,
kutoka kikombeni mpaka usawa wa kidevu chake,
na kicheko kikakatika kabla ya uzi.
"Kumbe mlenda," mtu akasema, kwa sauti ya njaa.
"Bibi aliuanika mwezi wa nne," akasema Sechelela.
"Mimi nilikuwa nafukuza mbuzi."

Lakini M imejaa.
Nilishashika mkasi, niongeze kipande,
Zefania akaja mezani, akavichungulia vilivyoletwa.
"Mwalimu, maembe mangapi?"
Embe moja.
"Mapapai?"
Papai nusu.
"Sasa mbona tumeandika mengi?"

Nimefundisha miaka kumi na minne.
Sikuwa nimewahi kuona herufi ikihamwa
kwa sababu wapangaji wake walidanganya idadi.
Embe likaenda E, kulikokuwa na ukame.
Papai likaenda P. Boga likaifuata bamia.
Tikiti likakaa T, likaijaza yote,
wala hakuna aliyeuliza habari za tufaha.
M ikabaki boksi tu,
na maandishi ya kiwandani: Weka Mahali Pakavu.

Mlenda hawakuweza kuuhamisha.
Walijaribu, maana mchezo ulishawakolea:
mlenda mmoja, milenda miwili,
wakaanguka kwa kicheko. Hauhesabiki.
Ukiwa chungu kizima ni mlenda,
ukiwa ngumi ya mtoto ni mlenda.

Sechelela hakuuchora.
Aliupaka kwa kidole, miguu mitatu ya m,
akapuliza, akafunga kitabu mapema mno.
Kwa hiyo siku hizi kurasa zile zimeshikana.
Kila asubuhi nazibandua taratibu
mbele ya nyuso thelathini na moja,
nazo huachana kwa mlio mdogo,
mlio wa midomo iliyokuwa imefumbwa
ikianza kuitamka.